Nyasi za Chumba cha Pili

Siku kasuku arobaini na mmoja walipoletwa kituoni, Baba Ndege aliwapokea kama mtu anayepokea wajukuu waliotoka safari ndefu. Alimchungulia kila mmoja usoni, akamsalimia, akamuuliza habari za njiani. Hakuna aliyemjibu. Walikuwa wamekaa siku mbili ndani ya masanduku ya mbao, kutoka uwanja mmoja wa ndege hadi mwingine, na kabla ya hapo walikaa miezi katika ghala la mfanyabiashara wa magendo, nchi ya mbali, mpaka askari wa forodha wa huko walipovunja mlango. Sasa walikuwa wanarudishwa kwenye msitu waliokamatiwa. Katikati ya ghala na msitu kulikuwa na kituo hiki cha karantini, ambapo sheria iliwataka wakae siku thelathini wakiangaliwa afya.

Baba Ndege halikuwa jina alilopewa na wazazi wake, lakini hilo la wazazi lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Alikuwa mtunzaji wa kituo kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka hiyo hakuna ndege hata mmoja aliyefia mikononi mwake. Jambo hilo lilijulikana. Wapakuaji mizigo walilijua, wafagizi walilijua, na Mkuu wa kituo, mtu aliyekuwa bahili wa sifa hata kwa mkewe, alikuwa akiwaambia wageni, "Huyu mzee mpe ndege aliyekufa jana, kesho utamkuta anadai chakula." Ni mke wa Baba Ndege peke yake aliyekataa kushiriki utukufu huo. Watu walipomwita Mama Ndege aliwakata kauli: "Mimi nimezaa watatu, na sijaona mwenye mkia."

Kituo kilikuwa na vyumba viwili vya ndege, kila kimoja na mlango wake na feni yake ya kutoa hewa. Sheria zake zilibandikwa ukutani kwa maandishi makubwa: sakafu ya tundu ni gazeti, gazeti hubadilishwa kila asubuhi, feni haizimwi. Daktari wa ndege, mwanamke mwembamba aliyekuja kila Ijumaa na mkoba wake wa bati, ndiye aliyeziandika. Gazeti halina raha, alikuwa akisema, lakini halioti kitu, na kinyesi cha mgonjwa hakijifichi juu yake.

Kasuku ishirini na wanne walikuwa na manyoya yao kamili. Hao wakawekwa chumba cha kwanza. Kumi na saba waliobaki walikuwa wamejinyonyoa. Kasuku akizidiwa na dhiki hujigeukia mwenyewe, hung'oa manyoya ya kifua moja moja mpaka abaki na ngozi tupu, ya waridi, yenye vipele. Hao wakawekwa chumba cha pili. Msimu ulikuwa wa baridi, feni ilikuwa inavuma, na asubuhi ya tatu Baba Ndege aliwakuta wamejikunyata juu ya magazeti yao, vifua vitupu vikitetemeka. Roho ilimuuma. Alisimama pale na rundo la magazeti mkononi akaona haya, kana kwamba amewakaribisha wageni akawalaza sakafuni.

Hapo ndipo alipofanya alichofanya, na nawaomba wasomaji wenye hasira wangoje kidogo, maana hakukifanya kwa ubaya. Shemeji yake alikuwa mfuga ng'ombe, na nyuma ya zizi alikuwa na lundo la nyasi kavu. Baba Ndege akaenda akajaza magunia manne. Nyasi za juu zilikuwa nzuri. Za chini zilikuwa zimenyeshewa wakati fulani na kukauka zenyewe, na zilitoa harufu ya kabati lisilofunguliwa siku nyingi. Akazianika nyuma ya nyumba siku mbili nzima. Jua linaua kila kitu, mama yake aliyefuga kuku maisha yake yote alikuwa akisema hivyo, na Baba Ndege hakuwahi kumuuliza mama yake alikuwa amesomea wapi.

Akazitandaza kwenye matundu yote ya chumba cha pili, nene, kama godoro. Chumba cha kwanza hakukigusa, hao walikuwa na manyoya yao. Halafu akazima feni na kuiziba kwa gunia. Kasuku wakaingia ndani ya nyasi wakatulia, na mmoja, mwenye pete namba tisa mguuni, akaanza kupiga mluzi wa birika linalochemka, bila shaka birika la jiko fulani karibu na lile ghala. Baba Ndege alifurahi mno. Wanasema wema hauozi. Labda. Nyasi huoza.

Ilibaki Ijumaa, siku ya Daktari. Kila Ijumaa asubuhi, kabla Daktari hajafika, alizikusanya nyasi zote, akazitia kwenye magunia, akatandika magazeti na kuwasha feni. Daktari akija aliwakuta ndege juu ya gazeti, akaangalia macho, akapima uzito, akaridhika. Akishaondoka, Baba Ndege alirudisha zile zile, zilizokwisha kuloa kinyesi na maji ya kunywea. Alizikung'uta mle mle chumbani ili zipate hewa. Vumbi la kijivu lilipanda mpaka kwenye taa, naye akapiga chafya mara tatu mfululizo na kucheka. Kasuku kumi na saba walikuwa wanamtazama. Hawakuwa na pa kwenda kupiga chafya.

Siku ya kumi na tisa, namba tisa aliacha mluzi. Alifungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa mkwaruzo tu, kama mzee aliyepoteza sauti msibani. Siku ya ishirini alikuwa anapumua kwa mkia, mkia ukipanda na kushuka kwa kila pumzi. Siku ya ishirini na mbili Baba Ndege alimkuta amelala chali ndani ya nyasi, miguu imekunjwa.

Alimchukua mkononi. Bado alikuwa na joto kidogo. Miaka kumi na tisa ilimwangukia kichwani kwa mara moja, na hofu iliyompata, niseme ukweli, haikuwa ya ndege. Ilikuwa hofu ya jina. Alimfunga namba tisa kwenye gazeti, akampigia Daktari simu, na katika ile saa moja na nusu ya kumngoja alifanya kazi kuliko alivyowahi kufanya maishani. Alizoa nyasi zote akazichoma kwenye shimo la taka. Aliondoa gunia kwenye feni. Alipiga deki mara mbili kwa dawa, akasugua matundu kwa brashi, akazibua mfereji wa maji machafu na kuokota hata zile nyuzi zilizokwama kwenye wavu. Magunia aliyapeleka nyumbani kwa mkewe yafuliwe. Alikuwa mtu makini. Hakuacha hata unyasi mmoja.

Daktari alimpasua namba tisa juu ya meza ya bati, akamwita Baba Ndege aone.

"Hivi ni vifuko vya hewa. Vingetakiwa kuwa vyembamba, unaona hata kidole upande wa pili. Sasa tazama."

Vifuko vilikuwa vinene, vya manjano, na ndani yake kulikuwa kumeota manyoya ya kijivu yenye ukijani, kama mkate uliosahauliwa kwenye mfuko.

"Kuvu," alisema Daktari. "Imeota ndani yake akiwa hai. Hawaambukizani, mzee, hilo shukuru. Ndege mmoja hampi mwenzake. Wanaivuta pamoja na vumbi, mahali penye kitu kilichooza. Kwa hiyo kazi sasa ni moja, kujua wameivutia wapi. Kuna kitu umekiona humu ndani? Chakula chenye ukungu? Mbao mbichi? Chochote?"

Jibu lilikuwa limekaa kwenye ulimi wake. Nyuma ya ukuta, shimo la taka lilikuwa bado linafuka moshi.

"Huko huko walikotoka, Daktari," alisema Baba Ndege. "Ghala la magendo, unafikiri lilikuwa na usafi gani?"

Daktari alitikisa kichwa kukubali, akaandika. Kwa nini asiandike? Mwenye kusema alikuwa Baba Ndege.

Wa chumba cha pili waliendelea kufa. Wawili Jumatatu, mmoja Jumatano, pamoja na dawa waliyonyunyiziwa puani asubuhi na jioni. Chumba cha kwanza walikuwa wanakula, wanagombana, wanatafuna mbao za matundu. Lakini karatasi ya Daktari ilikuwa imeshasafiri. Wenye hifadhi kule msituni walijibu kwa barua ya kurasa mbili ambayo Mkuu wa kituo aliifupisha hivi: kama kuvu imetoka ghalani, basi wote arobaini na mmoja waliivuta, wanaokohoa na wasiokohoa. Hatuwataki. Nchi lilikokuwa ghala nayo haikutaka kuwapokea tena. Wizara ikakata shauri siku ya ishirini na sita. Shehena moja ni mwili mmoja, iliandika. Thelathini na saba waliobaki wapumzishwe.

Wapumzishwe. Watu wa ofisi wana maneno laini kuliko pamba.

Mchana huo Baba Ndege alikwenda nyumbani kula na hakula. Mkewe alimwangalia akijimiminia kikombe, akakoroga sukari, akanywa.

"Ni tamu hiyo chai?"

"Tamu."

"Sijatia majani. Unakunywa maji ya moto." Akavuta kigoda, akakaa mbele yake. "Wiki nzima unatembea kama mtu aliyemeza ufunguo. Na yale magunia niliyofua yalinuka uvundo, na yamejaa vinyesi vya ndege. Sema."

Akasema. Alisema yote, kuanzia kwa shemeji mpaka kwenye mfereji, akitazama kikombe. Mkewe hakumkatiza, jambo ambalo lilimtisha zaidi.

"Kwa hiyo wale wa chumba cha kwanza hawana kitu," mkewe alisema mwishoni.

"Hawana. Hawajaonana na nyasi hata siku moja. Vyumba mbalimbali, feni mbalimbali."

"Na wataua ishirini na wanne wazima kwa sababu mume wangu hataki kuambiwa amekosea."

"Mke wangu..."

"Usiniite mke wangu kwa sauti hiyo. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wewe umeficha ya wengine, na kifo ni chao. Simama uende ukaseme. Wakikufukuza, utalima. Mikono unayo."

Alikwenda. Alipitia kwanza kwa shemeji akavuta fungu la nyasi chini ya lundo, lile lile la uvundo, akalitia kwenye mfuko. Ofisini alimkuta Mkuu na Daktari wakipanga dawa na saa. Hakukaa. Aliweka mfuko juu ya meza akaungama, wima, kama mtoto mbele ya darasa: nyasi, feni, gunia, Ijumaa, shimo la taka, uongo.

Halafu Mkuu akavua miwani, na Baba Ndege akaona kitu ambacho hakukitegemea kabisa. Macho ya Mkuu yalikuwa yamelowa.

"Mzee," alisema, "tumefanya kazi pamoja miaka mingapi? Najua unawapenda. Lakini sikujua ungefika hapa, ujitwishe kosa ujifukuzishe kazi ili kuwaokoa."

"Siwaokoi. Nasema nilichofanya."

"Wewe? Uzime feni? Wewe uliyemfukuza mfagizi kwa kuacha dirisha limefungwa?"

"Mimi. Nyasi hizi hapa."

"Nyasi hizo umezileta leo. Hata mimi naweza kuleta nyasi leo."

"Muulize mke wangu!"

"Mkeo atasema nini, mzee, akupinge?" Mkuu alivaa miwani. "Amri imeshasainiwa huko juu. Nikiwapigia nikawaambia mtunzaji wangu bora, ambaye hajapoteza ndege miaka kumi na tisa, ghafla amekumbuka nyasi siku moja kabla, watacheka. Na hawatakosea."

Daktari hakucheka wala kulia. Aliufungua mfuko, akanusa, akaufunga haraka. Akamgeukia Baba Ndege.

"Siku namba tisa alipokufa nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Ukaniambia ghala."

"Nilidanganya."

"Basi nitafutie ushahidi wa humu ndani. Unyasi mmoja uliokwama kwenye tundu, kwenye feni, popote. Wenye kinyesi. Hapo nitawapigia mimi mwenyewe, niombe siku kumi za vipimo. Sina ninachoweza kuwaonyesha zaidi ya maneno yako, na maneno yako ni mawili."

Alikuwa na mchana mzima. Alitambaa kwa magoti chumba cha pili huku wagonjwa kumi na tatu wakimtazama kwa midomo wazi. Alifungua feni kwa bisibisi, akapitisha kidole kwenye kila panga lake. Alitoa trei zote, akapekua viungo vya waya kwa sindano. Alitia mkono kwenye mfereji mpaka begani. Alikwenda kwenye shimo la taka akachekecha jivu. Palikuwa safi kuliko hospitali. Alijilaani kwa usafi wake, akalaani brashi, akalaani dawa, halafu akakaa kwenye sakafu aliyoisugua mwenyewe na kulia kwa sauti, mtu mzima wa miaka hamsini na nane.

Daktari alipiga simu hata hivyo, kwa heshima yake. Alijibiwa kwamba amri ni amri.

Asubuhi iliyofuata Mkuu alimwambia anaweza kubaki nyumbani, wataleta vijana wawili wa mizigo wenye glovu nene wawakamate. Baba Ndege aliwaza mikono hiyo. Akasema atawashika yeye.

Walianza na chumba cha pili, na hapo ilikuwa kama huruma, maana kumi na tatu hao walikuwa wanatafuta pumzi wasiipate. Kisha wakaingia cha kwanza. Wazima ndio waliomvunja. Kasuku hamwamini mtu upesi, lakini hawa walikuwa wamekaa naye siku ishirini na saba, na alipofungua tundu la kwanza na kunyoosha mkono, ndege alipanda mwenyewe juu ya kidole, akainamisha kichwa akunwe shingoni. Akamkuna. Daktari akachoma sindano. Uzito ulibadilika mkononi, kidogo tu. Akamlaza kwenye kreti, akafungua tundu la pili. Huyo naye akapanda. Wote ishirini na wanne walipanda wenyewe, hakuna aliyemuuma hata mmoja.

Sheria ilitaka wote wapasuliwe, ripoti ijae. Mkuu aliingia ofisini akafunga mlango. Daktari alivaa glovu mpya mchana huo, na Baba Ndege akasimama upande wa pili wa meza ya bati kumpa mmoja mmoja, kwa sababu hakuna aliyemwambia aondoke.

Wale kumi na tatu walikuwa kama namba tisa, wengine vibaya zaidi. Daktari aliandika bila kusema. Akaja wa kwanza wa chumba cha kwanza. Alipasua, akafungua mbavu, akaingiza kidole nyuma ya kifuko cha hewa. Kidole kilionekana upande wa pili, kila mstari wa glovu.

"Safi," alisema.

Baba Ndege akampa mwingine.

"Safi."

Kwa wa tatu na wa nne alilisema neno hilo polepole. Kwa wa tano aliacha kuandika. Mapafu yalikuwa ya waridi, mepesi, mapafu ya ndege ambaye angeruka juu ya msitu miaka arobaini. Daktari aliweka kisu chini, akainua macho, na hasira iliyokuwa ndani yake haikuwa ya kumwendea mtu mmoja tu.

"Ulisema kweli," alimwambia.

Baba Ndege alikuwa ametamani kusikia maneno hayo tangu jana, kwa kila kitu alichokuwa nacho. Sasa aliyapokea akakuta hayamfai kwa lolote.

"Ndiyo, Daktari."

"Bado kumi na tisa."

"Ndiyo," alisema tena, akainama kwenye kreti na kumletea mwingine.